Kila Mmoja na Wenge Yake: Ugonjwa Ambao Bafwasende Haipaswi Kuurithi

BAFWASENDE, Tshopo. – Kuna swali moja lisilochoka kuulizwa kwenye malewa, mbele ya vibanda vya kuchajisha simu, na hata mahali ambapo familia zilizokimbia vita zimepata hifadhi: Wenge ya kweli ni ipi? Ni ya JB Mpiana ao ni ya Werrason? Vijana ambao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1997 wanalibishania kwa hasira kana kwamba waliibiwa wao. Watu wanaolala chumba kimoja, wanaochota maji kisima kimoja, wanaitana majina mabaya juu ya ugomvi uliotokea Kinshasa kati ya watu wasiowajua.

Swali hilo ni baya, na ni wakati mtu aseme hivyo bila kuficha. Ubaya wake hautoki katika muziki. Muziki wa Kongo ni mali kubwa, na UNESCO iliiweka rumba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa Desemba 2021. Swali ni baya kwa sababu linamfundisha mtu kuchagua kambi kabla ya kuuliza jambo la kwanza: kwa nini nyumba ilipasuka, na nani alilipa gharama? Tena ni baya zaidi hapa, katika teritwari iliyowahi kuona kwa macho yake watu wakigawana jina moja na kuligeuza kuwa bunduki.

WENGE ILIKUWA KITU GANI

Wenge ni mti mgumu na mweusi wa misitu ya Kongo. Vijana wa Kinshasa walichukua jina hilo mwaka 1981, wengi wao wakiwa bado wanafunzi, na Didier Masela ndiye anayetajwa kama mwanzilishi. Walikuwa hawana feza wala vyombo vya maana. Walikuwa na sauti, na walikuwa wengi: JB Mpiana, Werrason, Adolphe Dominguez, Blaise Bula, Alain Makaba na wengine. Mwaka 1988 walitoa Bouger Bouger. Mwaka 1993 ikaja Kala-Yi-Boeing. Mwaka 1996 ikaja Pleins Feux. Kutoka Matadi mpaka Kisangani, hakuna sherehe ya ndoa iliyofungwa bila wao.

Nguvu ya Wenge ilikuwa nini? Ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kusema «mimi ndimi Wenge». Mmoja alitunga, mwingine aliimba mbele, mwingine alishika gita, mwingine aliita watu wacheze. Msikilizaji wa kijijini hakununua sura ya mtu mmoja, alinunua sauti ya kundi zima.

Mwaka 1997 JB Mpiana alitoa albamu kwa jina lake mwenyewe, Feux de l'Amour, na ikapata mafanikio makubwa. Mwisho wa mwaka huo huo nyumba ikapasuka. JB Mpiana akabaki na Wenge BCBG. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaanzisha Wenge Musica Maison Mère, yaani «nyumba mama». Kila upande ulijiita mama, na hakuna aliyekubali kuwa mtoto.

Kisha Maison Mère nayo ikaanza kuzaa migawanyiko yake. Dominguez akaondoka na kuunda Wenge Tonya Tonya. Mwaka 2004 vijana wa Werrason, Ferre Gola, JDT Mulopwe na Bill Clinton, wakaondoka na kuunda Les Marquis de Maison Mère. Hata jina la mama walilolikimbia walilibeba mgongoni. Baada ya muda mfupi Ferre Gola akawaacha hao nao, akaenda Quartier Latin ya Koffi Olomide. Aliyemega mkate akakuta na kipande chake kimemegwa.

Kwa miaka mingi mashabiki walishindana kuhusu nani kajaza ukumbi gani. Werrason alipiga Bercy, Paris, mwaka 2000. JB Mpiana akaenda huko huko mwaka 2001. Mmoja akaitwa «Souverain Premier», mwingine akaitwa «mfalme wa msitu». Wakaaji wa Bafwasende, ambao wanaishi ndani ya msitu wenyewe, hawakumbuki siku waliyoulizwa kama wanahitaji mfalme.

Mwishowe, tarehe 30 Juni 2022, wazee hao walipanda jukwaa moja ndani ya Stade des Martyrs, Kinshasa. Watu walilia kwa furaha. Lakini hebu tuhesabu: kutoka mwisho wa mwaka 1997 hadi katikati ya mwaka 2022 ni karibu miaka 25. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kugawanyika alikuwa amekuwa baba wa watoto. Kama kupatana kuliwezekana, ni lazima mashabiki wajiulize ugomvi ulikuwa wa nini, na kwa nini wao wangali wanaendelea nao wakati wenyewe wamekwisha kushikana mikono.

JINA, FEZA NA KITI

Wenge haikuwa ya kwanza. Mwaka 1963 wanamuziki wa African Jazz walimwacha Joseph Kabasele, yule aliyeimbia uhuru wa inchi mwaka 1960. Tabu Ley Rochereau na Dokta Nico wakaunda African Fiesta. Haikuchukua miaka mingi, hao wawili nao wakaachana: Rochereau akawa na African Fiesta National, Nico akawa na African Fiesta Sukisa. Neno ni lile lile, Fiesta, likiwa na mkia mpya.

Zaïko Langa Langa ilizaliwa tarehe 24 Desemba 1969. Mwisho wa mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko, Mavuela na Bozi Boziana wakatoka na kuunda Isifi Lokole. Mwaka uliofuata Isifi ikagawanyika, ikatoka Yoka Lokole. Mwaka 1977 Papa Wemba akaiacha Yoka, akaunda Viva la Musica. Zaïko yenyewe ikapasuka tena mwaka 1988: Nyoka Longo akabaki upande mmoja, na upande mwingine Bimi Ombale, Ilo Pablo na wenzao wakajiita Zaïko Langa Langa Familia Dei.

Hata OK Jazz, ile nyumba kubwa iliyoanza mwaka 1956, haikupona. Franco alipokufa tarehe 12 Oktoba 1989, wanamuziki waliendelea kwa miaka michache, kisha wakagongana na jamaa ya marehemu juu ya mapato. Jina lilikuwa la jamaa, lakini kazi ilikuwa ya wanamuziki. Simaro Lutumba, Josky Kiambukuta na Ndombe Opetum wakatoka wakaunda Bana OK, «watoto wa OK». Watu waliokuwa wamefanya kazi katika nyumba hiyo miaka na miaka walitoka bila jina.

Ukitazama vizuri, visa hivi vyote vina mambo matatu: jina ni la nani, feza iko kwa nani, na kiti cha rais kinakwisha lini. Hakuna aliyeandika jibu wakati wa amani. Orkestra inaanza kama urafiki, watu wanakula sahani moja, na anayeuliza habari ya karatasi anaitwa mchoyo. Siku feza inapoingia, urafiki unageuka kuwa ufalme. Rais ndiye anayeweka saini kwa mtayarishaji. Rais ndiye anayepokea feza ya mabanga, yale majina ya matajiri yanayotajwa katikati ya wimbo kwa malipo. Mpiga gita anajua ni majina mangapi yametajwa, kwa sababu alikuwepo studio. Ila hajui ni feza ngapi zilipokelewa. Kutokujua huko ndiko kunakopasua nyumba. Wivu unakuja baadaye.

Na serikali? Kwa miaka mingi kulikuwa na SONECA, kisha ikaja SOCODA, ili watungaji wapate haki yao. Wanamuziki wenyewe wamelalamika mara nyingi kwamba haki hiyo hawaioni. Asiye na haki kwa sheria anaitafuta kwa kuondoka, na anapoondoka anabeba anachoweza kubeba. Mara nyingi kitu pekee kinachobebeka ni jina.

«LAKINI MUZIKI ULIONGEZEKA»

Hapa mashabiki wana jibu lao, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema: kama Papa Wemba hangetoka Zaïko, hakungekuwa na Viva la Musica. Bila Viva la Musica, King Kester Emeneya hangeunda Victoria Eleison mwaka 1982. Bila Viva la Musica, Koffi Olomide, mtoto aliyezaliwa Kisangani mwaka 1956, pengine angebaki na masomo yake ya uchumi. Bila Koffi hakungekuwa na Quartier Latin, na bila Quartier Latin hakungekuwa na Fally Ipupa, ambaye mwaka 2006 alitoa Droit Chemin na kwenda njia yake. Kwa hiyo, wanasema, kugawanyika ni baraka.

Ni kweli, ila wanachanganya mambo mawili. Kuna kuzaa na kuna kupasua. Papa Wemba alipofika Viva la Musica hakuiita «Zaïko ya Wemba». Emeneya hakujiita «Viva la Musica ya kweli». Fally hakuondoka na jina la Quartier Latin. Walitoka na sauti zao, wakatafuta majina yao, wakawaachia waliobaki nyumba yao. Huko ni kuzaa. Mtoto anaoa, anajenga pembeni, na siku ya msiba anarudi kwa baba yake kulia na wengine.

Kupasua ni kubaki na jina lile lile, kuongeza neno nyuma, na kusema wengine ni waongo. Hapo hakuzaliwi kitu kipya, ila watu wawili wanashika shuka moja na kila mmoja anavuta. Anayepoteza ni aliyelala katikati: mpiga ngoma, mcheza dansi, mtu wa mikro, na msikilizaji aliyeambiwa kwamba lazima amchukie jirani yake.

Ushahidi uko ndani ya Zaïko yenyewe. Orkestra ile imepoteza waimbaji ambao wangetosha kuunda orkestra kumi. Lakini mwaka 2019 ilitimiza miaka 50. Zaïko haikuanza kama mali ya mwimbaji mmoja: mwanzoni kulikuwa na wasimamizi kama D. V. Moanda, watu ambao kazi yao ilikuwa kupanga na kutunza, si kusimama mbele ya mikro. Huko nyuma kuna somo ambalo mashabiki wa Wenge hawapendi kulisikia. Nyumba inayotunzwa na mtu asiyetafuta kupigiwa makofi inaishi miaka mingi kuliko nyumba ya nyota.

HAPA MAJINA YALIONGEZWA MIKIA PIA

Mtu wa Kinshasa anaweza kucheka mambo haya. Mtu wa Bafwasende hana haki ya kucheka, kwa sababu anajua mchezo huo unapopigwa na watu wenye silaha unafanana na nini.

Mwaka 1998, wakati BCBG na Maison Mère walipokuwa wanarushiana maneno Kinshasa, kundi la RCD lilizaliwa Goma. Mwaka 1999 likagawanyika. Kukawa na RCD-Goma upande wa Rwanda, na RCD ya Wamba dia Wamba iliyokaa Kisangani upande wa Uganda. Hiyo ya pili nayo ikagawanyika: ikawa RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, na RCD-National ya Roger Lumbala, iliyoweka mguu hapa hapa Bafwasende, kwenye almasi. Jina ni moja, na mikia ni mitatu. Kila mmoja aliita wengine waasi wa waasi.

Walezi wao walipogombana, Kisangani ilipigwa mabomu siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Mamia ya raia walikufa katika muji ambao haukuwa umemchokoza mtu. Na mwisho wa mwaka 2002 RCD-National, pamoja na MLC, ikaingia upande wa Mambasa kupigana na RCD-K/ML, katika operesheni iliyoitwa «kufuta ubao». Watu waliofutwa kwenye ubao huo walikuwa wakulima, na Wambuti wa msituni. Baadhi ya wazee waliokimbilia Bafwasende miaka hii wanakumbuka kwamba si mara yao ya kwanza kuipiga barabara ile kwa miguu.

Hakuna anayesema kwamba Werrason ao JB Mpiana walileta vita. Waliimba, hawakuua. Kinachosemwa ni kwamba desturi ni moja. Rais hakubali muda wake uishe. Hesabu hazisomwi mbele ya watu. Aliyekasirika anaona ni rahisi kuongeza neno nyuma ya jina kuliko kukaa chini na wenzake. Katika muziki desturi hiyo inaharibu wimbo. Katika siasa inaharibu muji. Anayeishangilia jioni kwenye malewa asishangae kuikuta asubuhi ndani ya nyumba yake.

KAMATI MBILI, ORODHA MBILI

Na nyumbani ndiko jambo linakouma leo. Familia zilizofika Bafwasende kutoka upande wa Ituri na Kivu ya Kaskazini zinahitaji kamati. Bila kamati hakuna orodha, na bila orodha hakuna unga, hakuna turubai, hakuna karatasi ya mtoto kuingia shule. Kila mtu anajua namna kamati inavyoanza: rais, makamu, mwandishi, mtunza feza, na makofi. Kila mtu anajua pia namna inavyoweza kwisha. Mmoja anasema rais anapendelea watu wa kijiji chake. Rais anasema mwenzake anatafuta kiti. Kesho yake kuna kamati ya pili, yenye jina lile lile na mkia mpya: «ya kweli», ao «mpya», ao «ya msingi».

Anayeleta msaada akifika na kukuta orodha mbili, hafanyi kazi ya hakimu. Anafunga daftari lake na kusema atarudi mtakapopatana. Gari linageuka. Kutoka hapa mpaka Kisangani kuna zaidi ya kilomita 250 za Barabara ya Taifa namba 4, na wakati wa mvua kila mmoja anajua barabara hiyo inafanya nini. Gari lililogeuka leo halirudi kesho. Marais wawili watalala na vyeo vyao. Mama mwenye watoto watano atalala na njaa, na hakuna atakayempigia makofi.

Vikundi vya muziki na kwaya viko kwenye hatari ile ile, na ni hasara kubwa, kwa sababu ni mahali ambapo mwenyeji na mgeni wanaweza kushika wimbo mmoja bila kuulizana kabila. Kijana aliyekimbia na gita lake mgongoni anapokaribishwa katika kikundi cha hapa, hiyo ni amani inayoonekana kwa macho. Kikundi hicho kikipasuka, mpasuko haufuati sauti. Unafuata kabila na mahali mtu alipotoka. Mgeni anaambiwa arudi kwao, na wote wanajua kwamba kwao kumechomwa.

KINACHOWEZA KUFANYWA BILA KUSUBIRI KINSHASA

Dawa haihitaji mradi wala mgeni mwenye gari nyeupe. Inahitaji daftari na kalamu, na ujasiri wa kuuliza wakati watu bado wanapendana.

Kwanza, jina liandikwe kuwa la wote. Anayeondoka aondoke kwa heshima, apewe haki yake, lakini atafute jina lake mwenyewe. Akikataa, jina lilale, lisitumiwe na yeyote, mpaka wapatane.

Pili, vyombo viandikwe: gita hii ya nani, ampli hii ilinunuliwa kwa feza gani, sola hii ilitolewa kwa kikundi ao kwa mtu. Orodha hiyo itunzwe na mtu asiyeimba ndani ya kikundi: mzee wa mtaa, padri, pasta, ao mkuu wa shule.

Tatu, feza zisomwe kwa sauti. Kama kikundi kimepiga kwenye ndoa na kupata kitu, kisomwe usiku huo huo mbele ya wote, hata kama ni kidogo. Kidogo kinachojulikana hakipasui nyumba. Kinachopasua ni kile cha kukisia.

Nne, kiti kiwe na mwisho. Mwaka mmoja ao miwili, kisha mwingine akae. Rais ambaye hawezi kurudi kuwa mwimbaji wa kawaida hakuwa rais, alikuwa mwenye duka. Na katika kamati za familia zilizokimbia, mwenyeji na mgeni wakae pamoja, na wanawake wasiwekwe pale kwa kupamba picha. Wao ndio wanaojua nani amekula na nani hajala.

Kuna watakaosema kwamba karatasi inaua urafiki. Waulize wanamuziki wa OK Jazz kama kukosa karatasi kuliuokoa. Waulize Wenge, waliohitaji karibu miaka 25 kupata tena jukwaa moja. Wao walikuwa na Bercy, visa na mashabiki wa kuwafariji. Kamati ya Bafwasende ikipasuka haina Bercy ya kwenda, wala haina miaka 25 ya kungojea. Ina msimu wa mvua unaokuja, na watoto ambao majina yao yanapaswa kuwa kwenye orodha moja.

Kwa hiyo wanaobishana kila jioni juu ya Wenge ya kweli wapewe swali jingine, walijibu kabla ya kulala: katika kikundi chenu, katika kwaya yenu, katika kamati yenu, daftari liko wapi, na mara ya mwisho lilisomwa lini? Wakikosa jibu, wajue kwamba mgawanyiko umekwisha kuanza. Kilichobaki ni kuchagua mkia wa jina.